Mume Asiye Mkazi

Gereji ya Manong Delfin haikuwa imeona gari tangu alipostaafu jeshi la wanamaji. Katikati aliweka meza ya chakula iliyokataliwa na mkewe, juu ya meza kompyuta, na kando ya kompyuta sufuria ya pansit, maana hakuna Mwilokano, yaani Mfilipino wa kaskazini, hapa Vallejo, California, anayekubali kuzungumzia kodi akiwa na njaa wakati kuna tambi za bure. Kuanzia Februari hadi katikati ya Aprili watu walikaa kwenye viti vya plastiki karibu na mashine ya kufulia, bahasha zikiwa mapajani, wakingoja zamu kama wanaokwenda kuungama. Wote walimwita Manong, kaka mkubwa, hata waliomzidi umri. Na kwa kweli alijua mengi kuliko padri. Padri unamwambia dhambi zako basi, Manong Delfin unamwambia na mshahara.

"Leonila! Njoo ukae," alisema zamu yake ilipofika. "Mambo ni yale yale? Hujaolewa, huna mtoto, una mama mgonjwa?"

"Nimeolewa, Manong."

Manong Delfin akavua miwani. "Umeolewa na nani? Na mbona sikualikwa?"

"Ungepanda ndege mpaka kwetu Batac kwa ajili ya kula? Nimeolewa na Rodante. Julai iliyopita, kwa meya."

"Rodante wa vitunguu saumu? Huyo si alikuwa mchumba wako tangu mimi nina nywele?"

"Huyo huyo."

"Mungu wangu. Sisi Wailokano kweli ni wabahili. Hata ndoa tunaiweka akiba."

Waliokaa kwenye viti wakacheka, na Leonila akacheka nao huku uso ukimchoma. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mwanamke wa mwili mdogo na mikono mikubwa, kazi yake kuwageuza, kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika nyumba ya wazee kule mlimani, na akirudi kwake kumgeuza, kumwogesha na kumlisha mama yake mwenyewe. Mwaka baada ya mwaka alikuwa amekaa kwenye kiti kile akiulizwa swali lile lile, na kila mwaka alijibu kuwa hajaolewa, kisha akatia sahihi chini ya maneno yanayosema anaapa kuwa yote ni kweli. Safari hii kwa mara ya kwanza jibu lake lilikuwa la kweli. Nusu ya kweli, tuseme. Hiyo nusu nyingine ndiyo hadithi yetu.

"Sasa sikiliza, mdogo wangu," Manong Delfin akamwambia, akimsogezea sahani. "Ombi la viza ya mumeo limefika wapi?"

"Limekubaliwa. Tunangoja ubalozi wamwite kwenye mahojiano."

"Vizuri. Basi una njia mbili. Unaweza kujaza fomu ya kodi kivyako: umeolewa, mume yuko nje, kila mtu na lake. Au mjaze pamoja kama watu wa nyumba moja. Mkijaza pamoja marejesho yanakuwa mazuri zaidi, na huko ubalozini wakiona mmejaza pamoja wanajua ndoa si ya kununua. Ila itabidi tumwombee namba ya kodi. Atafute nakala ya pasipoti iliyothibitishwa. Na mwambie apitie kwa msajili achukue cheti cha ndoa na ile orodha ya ndoa zake zote. Ubalozi wataitaka tu, sasa ya nini kufunga safari mara mbili?"

Hapo Leonila alipaswa kusita. Lakini alikuwa hasikii vizuri, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, mahali ambapo jina lake liliandikwa na chini yake pakaachwa nafasi ya jina la pili. Alitaka kuliona jina la Rodante pale. Usimcheke. Aliyewahi kumficha mume ndiye anayejua utamu wa kumwandika.

"Pamoja," alisema.

Kumficha huko kulianza hivi. Mama yake Leonila, Nanang Ising, alitangulia Marekani akiitwa na mwanawe wa kiume, na alipokaa vizuri akaomba na binti yake aje. Alimwombea katika foleni ya watoto ambao hawajaolewa. Foleni hiyo ni ndefu kuliko ujana wa mtu, na ina sharti moja: ukiolewa kabla hujaitwa, umetoka kwenye foleni. Kule Batac kila nyumba yenye mtu Marekani inalijua sharti hilo kuliko amri kumi za Mungu. Kuna wasichana walioingia foleni hiyo na nywele nyeusi wakatoka na mvi, wote "hawajaolewa", huku wajukuu wakiwaita bibi.

Leonila naye angengoja, lakini baba yake Rodante alikuwa anakufa kwa mapafu, na mzee alisema hataki mali wala mnara wa kaburi, anataka kumwona mwanawe akifunga ndoa. Nani angemnyima? Padre Melchor, padri mzee wa kijiji, aliwafungisha siku ya kazi, milango ya kanisa ikiwa imefungwa, mzee akiwa amebebwa kwenye kiti cha mwanzi. Padri aliwaandika kwenye daftari la kanisa, na wakamwomba asiipeleke karatasi kwa msajili wa serikali.

"Kwa Mungu mmeoana," Padre Melchor alisema. "Kwa serikali mtaoana mkipata nafasi."

Mzee akafa wiki ile ile, ameridhika. Leonila na Rodante wakaishi nyumba moja, wakalima vitunguu saumu, wakazika mimba mbili ambazo hazikufika, na kila mtu pale kijijini aliwajua kuwa ni mke na mume. Kisha barua ikaja kutoka Manila. Dirishani kwenye ubalozi wa Marekani Leonila akaulizwa kama amewahi kuolewa. Rodante alikuwa nje ya geti, kwenye jua, na pete yake Leonila ikiwa kwenye mfuko wa shati lake. Leonila akasema hapana.

Aliwahi kumwambia Rodante kwamba "hapana" ile ilitoka kirahisi sana, na kwamba hilo ndilo lililomwogopesha.

Baada ya hapo ikambidi ailishe hiyo hapana, maana uongo ukishauzaa utaulea. Aliisema kwenye kodi, akaisema tena siku ya kuapa uraia, ameinua mkono na bendera ndogo ya karatasi kwenye mkono mwingine. Uraia ulipopatikana, akarudi Batac kuolewa na mume wake. Wageni walikuwa wale wale waliojua yote, na shangazi mmoja alisema kwa sauti, "Hongereni tena!" akafinywa mpaka akamwaga supu. Watu walicheka siku ile. Rodante alimkodishia Ambo, jirani yake, shamba lote kwa miaka mitatu, akagawa mbwa wake, akanunua koti nene la baridi ambalo Vallejo hata halihitajiki, na akakaa kungoja viza.

Wiki mbili baada ya siku ile ya gereji, jioni, Leonila akiwa jikoni anakatakata karela, Rodante akapiga simu. Huko kwake kulikuwa kumekucha, majogoo wanasikika.

"Mke wangu," akaanza, "nina habari. Kumbe nina wake wawili."

"Acha upuuzi. Umepata karatasi?"

"Nimepata. Ndiyo ninakwambia. Wako wawili kwenye orodha ya msajili. Jina moja, wazazi wale wale. Mmoja nimemuoa mwaka jana. Mwingine nilimuoa mwaka aliokufa baba."

Leonila akazima jiko. Hakuelewa mara moja, au alielewa na mwili ukakataa.

"Nani amepeleka?"

"Padri mpya."

"Padri gani mpya?"

"Padre Crisanto. Melchor alipofariki, huyu kijana alikuta kwenye kabati ndoa chungu nzima ambazo hazikuwahi kufika kwa serikali. Unamjua mzee, nyingine alisahau tu. Kijana akaona vibaya. Akachukua daftari zima akalipeleka kwa msajili mwenyewe, kwa baiskeli, ndoa zote zikaandikishwa. Watu walimshukuru, Leonila. Wazee walimpelekea jogoo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Alitangaza kanisani. Jumapili hiyo nilikuwa shambani, mvua ilikuwa inataka kutuozeshea vitunguu." Akaongeza, "Yaani Jumapili moja tu niliyokosa misa."

Nani wa kulaumiwa hapo? Padri hakukosea. Alifanya kile ambacho padri wa kwanza alipaswa kufanya. Mimi nimejaribu kumchukia huyu kijana na baiskeli yake nikashindwa, na Leonila naye alijaribu akashindwa, na hilo lilimuuma zaidi, maana ghadhabu isiyo na wa kumwangukia inamrudia mwenyewe.

"Si tunaweza kumwomba akaifute?" Rodante akauliza.

"Ukamwombe afute ndoa yetu?"

"Hiyo ya kwanza tu."

"Hiyo ya kwanza ndiyo ndoa, Rodante."

Kisha Rodante akamuuliza kama zile karatasi azitume hivyo hivyo, na Leonila akamwambia asitume chochote, azifunge kwenye mfuko wa nailoni, aziweke juu ya kabati. Kana kwamba moto ni ile nakala yake, wakati moto wenyewe ulikuwa umeshawaka Manila kwenye kompyuta ya serikali.

Alimweleza Manong Delfin yote, amesimama, gereji ikiwa tupu. Mzee hakumkemea. Alifunika sufuria, akachukua funguo, akampeleka kwa wakili mmoja mwanamke aliyekuwa akiwasaidia watu wa parokia. Wakili alisikiliza mpaka mwisho bila kuandika chochote, na Leonila aliielewa maana ya ile kalamu iliyolala.

Wakili alimweleza kwa lugha nyepesi. Ombi likiendelea, ubalozi utaisoma orodha ya msajili. Wakiisoma, watauliza. Na swali halitakuwa tena kama Rodante aje, litakuwa ni vipi Leonila mwenyewe alikuja, na kama alidanganya kuingia, basi na uraia wake umesimama juu ya uongo, unaweza kuvuliwa. Akiliondoa ombi sasa, kabla ya mahojiano, huenda hakuna atakayefungua faili hilo tena.

"Huenda," Leonila akarudia.

"Zaidi ya huenda sina cha kukupa," wakili akasema.

Ndani ya gari Manong Delfin aliendesha polepole kuliko kawaida yake. "Wewe si wa kwanza," alisema mwishowe. "Kuna watu kwenye viti vyangu pale, ukiwauliza hawajaolewa, na mke yuko kwetu Ilocos anasuka mkeka wa kuja nao. Mimi siulizi. Nikiuliza nitajua."

"Na sasa umejua."

"Nimejua. Mambo mengine ni afadhali kubaki mjinga, mdogo wangu."

Ungedhani njia ni moja nyeupe: arudi Batac kwa mumewe, yaishe. Hata yeye aliifikiria njiani, akafungua mlango wa nyumba akiwa bado anaifikiria. Lakini ndani alikuwamo Nanang Ising, amelala chali kama alivyomwacha, upande wa kushoto umepooza, akili safi kama maji ya mtungi. Yule kaka aliyemwita mama alihamia Nevada na hupiga simu Krismasi. Mama hawezi kupanda ndege, na hakuna mwingine wa kumgeuza.

Leonila akamweleza huku anambadilisha shuka. Mama yake alisikiliza, akitazama dari.

"Nilikwambia usiolewe," Nanang alisema.

"Baba yake alikuwa anakufa, Nanang."

"Watu wanakufa kila siku. Foleni ilikuwa moja tu."

"Foleni hiyo uliipanga wewe. Mimi hukuniuliza."

"Nilisugua vyoo vya hoteli miaka yote ile ili jina lako lisitoke. Na goti langu hili. Jiulize basi leo, kama ungetaka kubaki ukinuka vitunguu."

"Ningetaka," Leonila akasema. "Ningetaka kunuka vitunguu."

Nanang akafumba macho. "Basi nenda kwa mumeo. Nani amekushika?"

Na alipokuwa akisema hivyo alikuwa amemshika binti yake kifundo cha mkono kwa ule mkono mzima, kwa nguvu zote zilizobaki mwilini, na hakumwachia mpaka usingizi ulipomchukua. Leonila alikaa pale kitandani ameinama. Akajikuta anapiga hesabu. Daktari alisema moyo wa mama ni mzuri, angeweza kuishi mpaka tisini. Rodante atakuwa na miaka mingapi basi? Akagundua ni hesabu gani anayoipiga, akajichukia, akamfunika mama yake vizuri mpaka shingoni. Tangu siku hiyo alimtunza vizuri kuliko zamani, kwa woga, kama mtu anayemficha mwenziwe kwamba amemwombea mabaya.

Barua ya kuliondoa ombi aliiandika wakili, naye akatia sahihi. Ikabaki kodi.

Siku za mwisho kabla ya tarehe ya kodi gereji hujaa mpaka barazani, lakini Manong Delfin alimwita Jumatatu kabla hajafungua kwa wengine. Pansit haikuwapo, palikuwa na kahawa tu. Kwenye kioo lile jina lake lilikuwa bado linangoja.

"Pamoja haiwezekani tena," mzee alisema. "Kumwombea namba ni kupeleka karatasi zake, na karatasi zake tumeziacha zilale. Nikuandike hujaolewa? Kama zamani. Hakuna atakayekuuliza, mwaka huu wala mwakani."

Alilisema kwa wema, na kwa kweli ulikuwa wema. Leonila akatazama ile mashine ya kufulia, akatazama viti vitupu. Neno lile alikuwa ameshalisema kwenye dirisha la ubalozi, kwenye kiapo na kwenye kiti hiki, na kila mara lilitoka kirahisi. Akasukuma kikombe cha kahawa pembeni.

"Hapana, Manong. Nimeolewa. Niandike nimeolewa."

"Basi itakuwa ile ya kila mtu kivyake. Utalipa zaidi."

"Nitalipa."

"Mwilokano wewe?" akatania, lakini sauti haikumfuata. Akageukia kompyuta. "Nitahitaji jina lake kamili. Penye namba yake nitaandika kwamba ni mgeni asiye mkazi, hana namba. Wanakubali. Unaweza kumwandika hivyo hivyo kila mwaka, maadamu hakanyagi hapa."

Leonila akalitaja jina lote, herufi kwa herufi, na la ukoo wa mama yake Rodante katikati kama desturi ya kwao, na mzee akaliandika kwa vidole viwili. Lilipotokea kwenye kioo, Leonila alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kwenye gereji ya watu asubuhi ile, na Manong Delfin akamwachia leso na kwenda kusimama nje, akijifanya anaikagua mipaka ya nyasi zake.

Jioni alimpigia Rodante. Ilibidi amwambie mambo mawili, la barua na la kodi, akaanza na la barua. Rodante alisikiliza. Majogoo walikuwa wanawika nyuma yake kama siku ile.

"Kwa hiyo siji," alisema.

"Huji."

"Na wewe?"

"Mama akiwa hai siwezi."

"Anaendeleaje mzee?"

"Anakula vizuri," Leonila akasema, na wote wawili wakanyamaza, kwa sababu ilikuwa habari njema.

"Na kwenye kodi?" Rodante akauliza baadaye. "Ulisema utaniandika."

"Nimekuandika."

"Kama nani?"

"Mume."

"Jina zima?"

"Jina zima. Mpaka la mama yako."

"Haya," Rodante alisema. Leonila alimsikia akivuta pumzi, akisogeza kiti, akivaa viatu vya shambani. "Haya, mke wangu. Ngoja niwahi kabla jua halijawa kali. Ambo anatafuta vibarua wa kuvuna lile shamba langu."

Chumbani Nanang aliita, anataka kugeuzwa. Leonila aliendelea kuishikilia simu iliyokwisha kukatika. Nanang akaita tena, na mara ya tatu akaita kwa jina lake la utotoni, ndipo Leonila akainuka akaenda kumgeuza.